Habari za Rangi na Mikono ya Watoto katika Nchi ya Pajulu

Nchi ya Pajulu, ambayo tangu mwaka 2020 imeingizwa ndani ya mipaka ya Jiji la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, pamoja na sehemu nyingine za kaunti ya Ayivu, ni nchi ya uwanda wa juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, nayo imekaribiana na mpaka wa Kongo, mahali maji ya mvua yanapoagana, ya magharibi yakaenda zao kuutafuta mto Kongo na ya mashariki yakateremka hata Nile. Wakazi wake wa asili ni Walugbara, watu wa kilimo na mifugo, ambao kabla ya serikali ya kikoloni hawakuwa na sultani wala ikulu, bali kila ukoo ulikaa katika maskani yake chini ya wazee wake. Mgeni atokaye pwani, aliyezoea mchanga mweupe na bahari ya samawati, jambo la kwanza litakalomshika macho huku ni udongo: mwekundu barabarani, wa manjano kwenye kingo zilizochimbwa, wa kijivu mabondeni, na mweusi palipopita moto.

Rangi hizo hazikai hali moja mwaka mzima. Kuanzia Desemba hata Februari ni kiangazi, na nyika huchomwa, ikabaki nyeusi tititi. Na katika weusi huo, ilhali miti mingi haina jani hata moja, mwamba-ngoma huchanua maua mekundu kama kwamba umeasi amri ya majira. Zikija mvua za Machi na Aprili majani mateke huchipua juu ya majivu, kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni na watoto wakawakimbilia, na baada ya hapo mtama hupandwa, ukakomaa, ukageuka rangi ya damu iliyokauka. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya namna hii hakungoja mwalimu wa kumfundisha kutofautisha rangi, kwa kuwa riziki yake ilikuwa ndani ya tofauti hizo: embe lipi limeiva na lipi lingali bichi, udongo upi unafaa chungu na upi utapasuka motoni, uyoga upi huliwa na upi huua.

Ajabu ni kwamba wageni waliopita sehemu hizi, nao walikuwa wengi wenye kalamu, walitazama kila kitu isipokuwa mikono ya watoto. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta na kuweka makao yake Wadelai juu ya Nile katika miaka ya 1880, alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, akiwachuna ngozi, akiandika rangi za manyoya yao kwa uangalifu, na kuwapeleka katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Theodore Roosevelt, aliyetoka karibuni katika urais wa Marekani, alifika Rhino Camp mapema mwaka 1910 kuwapiga risasi vifaru weupe kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Na kifaru huyo, kama ajuavyo kila aliyemwona, ni wa kijivu. Nchi hiyo, iliyoitwa Lado, ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hata alipofariki mwaka 1909, ikapewa Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda, Bwana A. E. Weatherhead, ofisa wa Kiingereza, akaweka boma Arua. Hata John Middleton, mwanachuoni aliyekaa na Walugbara kati ya miaka 1949 na 1952 na kuandika kwa kina habari za dini na nasaba zao, fikira zake zilikuwa juu ya wazee na mizimu zaidi kuliko juu ya wadogo waliocheza uani.

Kwa hiyo historia ninayoitaka kuieleza hapa haimo katika hati za serikali. Asili yake ni kazi ya mikono, hususan mikono ya wanawake, na watoto waliirithi kwa kukaa karibu na mama zao. Nami nadai kwamba shule, iliyokuja baadaye, kwanza iliwatenga watoto na elimu hiyo, kisha baada ya miaka mingi ikawarudishia kama hiba mpya iliyotoka ng'ambo.

Tutazame kwanza ukuta. Nyumba ya desturi katika West Nile, kama eneo hili liitwavyo, ni ya msonge, ukuta wake wa udongo na paa la nyasi, na kila kiangazi, mvua ikiisha kuula ukuta, mwanamke huukandika upya. Kazi hii si ya kubandika tope tu kama wadhanivyo wasioijua. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa kuwa mchwa wameusaga tayari na kuushikamanisha. Huchanganywa na mavi ya ng'ombe ili usipasuke ukikauka, ukakanyagwa kwa miguu hata uwe laini. Tabaka la kwanza likishika ndipo huja kazi ya kusiriba, nayo ndiyo ya rangi. Mama huchukua udongo mwekundu uliotwangwa na kuchungwa, akauloweka katika kibuyu au sufuria kuukuu; huchukua tope la kijivu la bondeni; huchukua masizi au makaa yaliyosagwa kwa weusi, na majivu au udongo mweupe kwa weupe, kila kimoja chombo chake. Huanza chini, kwenye kizingiti na baraza, akipaka mweusi ili matone ya mvua yasionyeshe uchafu, kisha huupandisha mwekundu hadi kiunoni, na juu huacha rangi nyepesi. Kiganja ndicho burashi: hupelekwa kwa upinde, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuinuliwa, na tope likiwa bichi vidole vitatu hukokotwa juu yake vikaacha mawimbi.

Kando ya mama yupo binti wa miaka sita au saba aliyekabidhiwa sehemu ya chini nyuma ya nyumba, ambako akikosea hapana atakayeona. Hapo ndipo chuo chake. Atajifunza kwamba udongo uliozidi maji huteleza, na uliopungukiwa hukwaruza. Kwamba rangi ya tope bichi si rangi yake likikauka, hivyo fundi hana budi kuiona kwa akili kabla haijaonekana kwa macho. Na kwamba nyekundu ikipakwa kabla nyeusi haijakauka zote mbili huharibika. Kaka yake, aliyetumwa maji, ataacha alama ya kiganja chake ukutani kwa utundu, na aghalabu mama huiacha ilivyo.

Sababu ya rangi hizi za udongo wanachuoni wa kemia wanaijua. Chuma kilichomo ardhini kikishika kutu ya namna moja huwa chekundu, kikishika kutu yenye maji ndani yake huwa cha manjano. Na udongo wa mabondeni, usiofikiwa na hewa kwa kulowana daima, hupoteza wekundu wake ukawa wa kijivu. Udongo wa manjano ukitiwa motoni hupoteza yale maji ukawa mwekundu, na jambo hili mtoto wa Pajulu huliona jikoni kwao kabla ya kulisoma popote, pale mafiga yaliyokuwa ya manjano yanapokuwa mekundu baada ya miezi ya moto. Mfinyanzi naye alilijua, maana chungu hutoka tanuruni na rangi ambayo hakikuingia nayo.

Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na watoto waliokota mabaki ya udongo wao. Hapa wavulana walipata fursa yao, kwani kwa watu wafugao, ng'ombe ndiye mfano wa uzuri, na mchungaji mdogo aliyeachwa malishoni kutwa nzima hakuwa na shughuli iliyomfurahisha kuliko kumfinyanga ng'ombe wa kidole kizima, mwenye nundu na pembe ndefu, akamchovya upande mmoja katika majivu na upande mwingine katika makaa ili awe na mabaka kama yule fahali wa nyumbani aliyemtamani. Mabua ya mtama nayo, yaliyo mepesi ndani na magumu nje, yalikuwa mbao zao: walimenya ganda, wakaunganisha vipande kwa vijiti vilivyochongwa, wakafanya vitanda, maghala, na baada ya Wazungu kuja, baiskeli na malori. Mapambo walichuma porini: mbegu nyekundu za mwamba-ngoma, manyoya ya ndege, maganda ya konokono. Walionywa juu ya turituri, zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zilizo nzuri kuliko zote na zenye sumu kali mno zikitafunwa. Onyo hilo linafaa lirudiwe leo kwa kila mwalimu anayewatuma watoto kichakani kuokota vitu vya rangi.

Wala tusidhani kwamba rangi zilikuwa mchezo mtupu. Middleton ameeleza kuwa Walugbara walimsadiki Adro, upande ule wa Mungu ukaao duniani, kwenye vijito, vichaka na milima, nao walimsimulia kuwa kama mtu mrefu mweupe, aliyekatwa nusu kwa urefu wake, mwenye mguu mmoja, mkono mmoja na jicho moja. Mtoto aliyetumwa kijitoni kuchota udongo mweupe alikwenda na kurudi mbio, yamkini kwa sababu zaidi ya moja.

Sasa msomaji wa pwani asione kwamba habari hizi ni ngeni kwake. Wasusi wa mikeka wa Unguja, Pemba na Lamu walitia ukili rangi kwa mizizi na magome: mdaa kwa weusi, manjano kwa rangi ya jina lake, gome la mkoko kwa wekundu wa hudhurungi, na wasichana waliokaa miguuni pa nyanya zao walijua ni siku ngapi ukili uloweke, na ni wakati gani uanikwe. Katika Arua yenyewe wapo Wanubi, kizazi cha askari wa Emin Pasha ambao Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 na kuwaleta Uganda, na ambao baadhi yao walirudi West Nile na kukaa mjini. Wanawake wao ni mabingwa wa tabaga, zile sinia na kawa za kusukwa zenye nakshi za rangi nyingi, nyekundu, kijani, zambarau, zilizopangwa kwa pembe tatu na nyota. Lakini rangi za tabaga, kama zile za mikeka ya pwani, zilikuwa zimeshaingiliwa na unga wa rangi wa dukani. Tangu kijana Mwingereza William Perkin alipoipata rangi ya zambarau kwa bahati katika maabara yake mwaka 1856, akitafuta dawa ya homa, rangi za kiwandani zilienea dunia nzima, na maduka ya Wahindi yakazifikisha hata barani kwa senti chache kwa pakiti. Msusi asiyelazimika tena kuchimba mizizi hana la kulaumiwa. Ila binti yake hakupata sababu ya kuujua mzizi.

Shule ilifika pamoja na dini. Mapadre Wakatoliki wa Verona walianza kazi West Nile mwaka 1917, na wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Arua mwaka 1918, wakajenga Mvara, jirani kabisa na Pajulu. Mtu asikane wema wa shule hizo: zililiandika Kilugbara, zikafundisha kusoma, zikatoa walimu na makarani. Walakini tuangalie zilivyokuwa kwa jicho. Ubao mweusi, chaki nyeupe. Kibao cheusi mapajani, maandishi meupe juu yake. Kaptura na shati za rangi moja. Kuchafua mikono kwa udongo, ambako nyumbani kulikuwa dalili ya bidii, shuleni kulikuwa kosa la kupelekwa mtoni kunawa. Mikono ilirudi kwenye udongo saa za kazi tu, kulima bustani ya misheni au kukandika ukuta wa darasa, na hapo haikuitwa elimu.

Ni kweli kwamba wakubwa wa mbali walikuwa na maoni mengine. Tume ya Phelps-Stokes ilipotembelea Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza kwamba elimu ifungamane na maisha ya kijiji, na serikali ya Uingereza ikaandika sera yake mwaka uliofuata kwa maneno yanayofanana na hayo. Lakini mzazi aliyeuza mbuzi wake kulipa karo hakumpeleka mwanawe shuleni akafundishwe kufinyanga. Alitaka ukarani, na alikuwa na haki ya kuutaka.

Mtu aliyejaribu kulifungua fundo hili alikuwa mwanamke Mwingereza, Margaret Trowell. Alizaliwa London mwaka 1904, akasoma sanaa katika chuo cha Slade, kisha ualimu chini ya Marion Richardson, ambaye naye alikuwa katika silsila ya walimu walioamini kuwa mtoto ana sanaa yake mwenyewe isiyopaswa kusahihishwa kwa mizani ya mtu mzima; na mkuu wa silsila hiyo alikuwa Franz Cizek, aliyefungua darasa la watoto Vienna mnamo 1897, akawaacha wachore watakavyo. Bibi Trowell alikuja Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, daktari ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wake juu ya utapiamlo wa watoto. Akaishi miongoni mwa Wakamba na kuvutiwa na ustadi wao wa kuchonga na kusuka. Na mwaka 1935 wakahamia Kampala. Mwaka 1937 alianza kufundisha watu wachache barazani pa nyumba yake, na darasa hilo la baraza ndilo lililokua likawa Shule ya Sanaa ya Makerere, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka uo huo alitoa kitabu kwa walimu wa shule juu ya sanaa na kazi za mikono za Kiafrika, akiwahimiza waanze na vilivyopo vijijini mwao, udongo, nyuzi, miti na magome; na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, mwangalizi wa Makumbusho ya Uganda, alitoa kitabu kikubwa kilichoorodhesha vyombo vya makabila ya Uganda, pamoja na vile vya kaskazini.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hii: hakuweka kitu mezani kikachorwa, bali alisimulia kisa kwa maneno, mathalan soko siku ya mvua, au mazishi, au hadithi ya Injili, na wanafunzi wakafumba macho, wakakiona, kisha wakakipaka. Aliogopa kwamba mwanafunzi akionyeshwa mno picha za Ulaya ataishia kuziiga. Kwa kazi za wanafunzi wake alifanya maonyesho Namirembe mwaka 1938, na mwaka uliofuata zikapelekwa London.

Nimesikia wasomi wa siku hizi wakimlaumu, na sehemu ya lawama yao ina haki. Alijiona mlezi wa kitu ambacho wenyewe hawakumwomba akilee. Alimkinga mwanafunzi na elimu ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa ukamilifu. Na alipotazama sanaa ya Kiafrika alitafuta usafi wa kale kuliko maswali ya watu wa wakati wake. Hata hivyo, mimi namwekea sifa moja ambayo waliomfuata hawakuwa nayo: aliona chungu na kikapu vyastahili kuingia chuo kikuu kwa mlango wa mbele. Cecil Todd, aliyeshika shule hiyo Trowell alipoondoka Uganda mwaka 1958, alikuwa mwalimu hodari aliyeleta nadharia ya rangi, duara la rangi na historia ya wachoraji wa dunia. Wanafunzi wakapanuka fikira, ila rangi zenyewe zikawa zile za kubanwa kutoka kwenye mirija iliyoletwa kwa meli.

Katika wanafunzi wa Trowell walikuwamo Watanganyika wawili ambao wasomaji wa Kiswahili hawana budi kuwakumbuka. Sam Ntiro, Mchagga, alichora vijiji, mashamba na mikutano ya kazi kwa rangi zilizokoza na wazi kama mtu asimuliaye, kisha akawa balozi wa nchi yake London. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alipaka mwaka 1959 kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, akamweka Yesu katika milima na mashamba ya Kikuyu, na mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mahali ambapo watoto nao walikaribishwa kutia rangi, na kuiga kulihesabiwa kuwa ni aibu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia nyumba na vipande vya ubao, hakupita Makerere wala darasa lolote, nami namtaja kwa sababu hiyo.

Mvua hizo za sanaa, za Kampala na Nairobi, hazikufika Arua ila kwa matone. Chuo cha Makerere kilitoa walimu wachache, nao walipelekwa shule kubwa za sekondari. Shule za msingi za Pajulu ziliendelea na chaki. Kisha ikaja miaka ya dhiki. Idi Amin, ambaye nasaba yake ni ya Koboko, alipowafukuza Wahindi mwaka 1972 maduka yalibaki matupu, na pamoja na sabuni na chumvi zikatoweka karatasi na rangi. Wasanii wa Kampala walijifunza kwa shida kurudi kwenye magome na vitu vilivyotupwa. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile wote bila kubagua mwenye hatia na asiye nayo. Kuanzia Oktoba 1980 nchi ilikimbiwa, watu wakavuka kwenda Zaire na Sudani, na tarehe 24 Juni 1981 waliouawa katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia hapo wakitumaini hifadhi ya kanisa.

Kule uhamishoni, wazazi walifungua shule zao wenyewe za kujitegemea kabla ya misaada kufika. Hazikuwa na vitabu. Shule ya namna hiyo huanza na kivuli cha mti, ardhi iliyofagiwa, kijiti cha kuandikia juu ya vumbi na kaa la moto juu ya ubao. Na hapo, kwa sababu isiyotamaniwa na mtu yeyote, mkono wa mtoto na udongo vilikutana tena ndani ya saa za masomo. Sisemi kwamba ufukara ni mwalimu mwema. Nasema tu kwamba vizazi vya walimu waliorudi Arua baada ya 1986 walikuwa wamefundishwa, na wengine wamefundisha, bila kitu chochote cha dukani, na walijua kuwa inawezekana.

Elimu ya msingi bila karo ilipotangazwa mwaka 1997 madarasa yalifurika, na mwaka 2007 serikali ikaleta mtaala mpya kwa madarasa matatu ya kwanza, unaofundishwa kwa lugha ya mama, ambayo huku ni Kilugbara, na kupangwa kwa mada za maisha: nyumba yetu, mazingira yetu, vitu tuvitengenezavyo. Sanaa imo ndani yake. Mwalimu huambiwa atumie vifaa vya mahali pake, na hapo mwandishi wa mtaala, yamkini bila kujua, alikuwa akirudia shauri la Trowell la miaka sabini iliyotangulia, ambalo lenyewe lilikuwa nusu ya jambo alilolijua kila mama wa Pajulu.

Basi kutumia vifaa hivyo kwawezekanaje, kwa kutenda? Chukua ua jekundu la haibiskasi, liponde kwa jiwe katika kifuu, na utie maji kidogo: utapata wino wa zambarau iliyofifia. Gawanya mafungu matatu. Moja liache lilivyo. La pili lidondoshee ndimu, nalo papo hapo litawaka wekundu. La tatu litie maji ya majivu yaliyochujwa, na litageuka kuelekea buluu na kijani. Watoto hupiga kelele kwa mshangao, nao wana haki, maana hiyo ni kemia ya asidi na magadi imefundishwa bila chupa hata moja. Manjano yakitiwa maji ya majivu huwa mekundu ya kutu. Majani ya kunde au ya viazi yakipondwa hutoa kijani, ila mwalimu awaambie mapema kwamba kijani cha jani hufifia juani kwa siku chache, ilhali nyekundu ya udongo haibadiliki. Ili rangi ishike karatasi au boksi la kukunjua, koroga uji mwembamba wa unga wa muhogo, chakula kisichokosekana nyumba yoyote huku, uchanganye nao. Burashi ni kijiti cha mti mbichi kilichotafunwa ncha hata nyuzi zitoke, kama mswaki.

Kufifia huko ndiko kulikoiacha historia hii bila hazina. Ng'ombe wa udongo usiochomwa huyeyuka kwa mvua ya kwanza. Ukuta husiribwa upya kila kiangazi, na nakshi ya mwaka jana ikalala chini ya ya mwaka huu. Bua la mtama huliwa na wadudu. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yana vyungu na vikapu vya West Nile, lakini kazi ya mtoto haiwekwi kabatini, kwa kuwa haidumu hata mkusanyaji afike.

Wageni wapya wameongeza kurasa katika habari hii. Tangu vita vya Sudani Kusini, hususan mwaka 2016 ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi ya Bidibidi wilayani Yumbe na kupokea zaidi ya watu laki mbili kwa miezi michache, na kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp ikajaa upya, wanawake wa Kikakwa, Kikuku na makabila mengine wamejenga misonge na kuitia nakshi za udongo mweusi, mwekundu na mweupe, kila mmoja kwa desturi ya kwao, na watoto wao wakiwasaidia. Koboko nako, kambini Lobule, wapo Wakongo tangu 2013. Mashirika huleta kalamu za nta na karatasi, na watoto huzifurahia, nami sizibezi. Lakini zikiisha, na huisha upesi, ukuta ungali pale pale.

Kizuizi kikubwa kilichobaki si ufukara bali ni mtihani. Mtoto wa Uganda amalizapo darasa la saba hupimwa masomo manne, Kiingereza, hisabati, sayansi na elimu ya jamii, na mwalimu mkuu ambaye sifa ya shule yake hutegemea alama hizo huiondoa sanaa kwenye ratiba kuanzia darasa la nne bila kuona haya. Simlaumu yeye, namlaumu aliyeipanga mizani.

Hata hivyo madarasa matatu ya kwanza yako huru, na hayo yatosha kwa kuanzia. Mwalimu wa Pajulu, kabla hujaandika barua ya kuomba rangi, mwite shuleni mmoja wa wale mama wanaosifika kijijini kwa kusiriba, mheshimu kama mwalimu mwenzio, mpe asubuhi moja na ukuta wa nyuma wa darasa. Na wakati watoto wanapaka, kaa na daftari uandike kwa Kilugbara jina la kila udongo na kila mmea anaoutaja na mahali unapopatikana, kwa kuwa daftari hilo halijaandikwa bado na wanaoyajua majina hayo wanazeeka.